Podikasti ya Mfanyabiashara: Namna ya Kuianzisha na Kuikuza kwa Kiswahili

Kila mwaka wanafunzi wetu wanaokaribia kuhitimu hutuuliza swali moja: mbali na kushika chaki, Kiswahili kitatupa kazi gani? Swali hili ni zito, hasa hapa Burundi ambako Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani kwa karibu kila mtu, Kifaransa kimetawala ofisini kwa muda mrefu, na Kiswahili hutambulika zaidi kama lugha ya soko, ya barabara na ya mpaka. Katika makala haya tunajibu sehemu moja tu ya swali hilo. Tunaeleza podikasti ni nini, mfanyabiashara anaianzishaje, inakuaje, na mtu aliyesoma Kiswahili anaingia wapi katika kazi hiyo. Mfano wetu tumeuweka Butihinda, kwa sababu ambazo zitaonekana hapa chini.

1. Neno na maana yake

Neno hili ni jipya. Mwandishi Mwingereza Ben Hammersley alilitumia mwezi Februari 2004 katika gazeti la The Guardian, akiunganisha jina la kifaa cha kusikilizia muziki, iPod, na neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza. Mwezi Juni 2005 kampuni ya Apple iliingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, na tangu hapo neno likaenea duniani.

Kiswahili kimelipokea kwa kanuni zake za kawaida. Irabu /i/ imewekwa baada ya /d/ ili kuvunja mfuatano wa konsonanti usiozoeleka, na nyingine imewekwa mwishoni ili silabi iwe wazi. Mfuatano wa /st/ umebaki kwa sababu tumekwisha uzoea katika maneno kama posta na stesheni. Nomino imeingia katika ngeli ya I-/ZI-: podikasti hii imeanza, podikasti hizi zimeanza. Katika makala haya tutaita mfululizo mzima podikasti, na sehemu moja ya mfululizo tutaiita kipindi. Anwani ya kompyuta inayopeleka vipindi vipya kwa wasikilizaji tutaiita mlisho.

Tofauti ya podikasti na redio ni hii. Redio hurusha sauti kwa saa maalumu, na asiyekuwepo hukosa. Podikasti huhifadhiwa, na msikilizaji huichukua anapotaka: leo, wiki ijayo au baada ya mwaka. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tutaona kwamba linabadilisha hata namna ya kutumia viashiria vya wakati katika lugha.

2. Asili yake iko karibu nasi

Tusidhani kwamba tunaanza na mikono mitupu. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu, ili kuwahudumia wakimbizi wa Rwanda na Burundi pamoja na wenyeji wao. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zake, sambamba na Kirundi na Kinyarwanda. Mwaka huohuo Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura. Studio hii haikuwa na masafa yake yenyewe. Ilitengeneza vipindi, na vituo vingine vikavirusha. Mchezo wake wa redio wa Umubanyi Niwe Umuryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kuanzia 1997, uliwafundisha Warundi wengi kusubiri sehemu inayofuata. Kutengeneza sauti mahali pamoja na kuisambaza kwa njia za wengine ndiyo kazi ya podikasti.

Aidha, baada ya vituo kadhaa vya redio nchini kunyamaza mwezi Mei 2015, baadhi ya wanahabari waliokuwa nje ya nchi walitengeneza taarifa za sauti na kuzisambaza kwa SoundCloud na WhatsApp. Sauti zikapita kutoka simu moja hadi nyingine. Kwa mintarafu hiyo, Mrundi wa kawaida alikwisha kujua kusikiliza sauti iliyohifadhiwa hata kabla ya kulisikia neno podikasti.

Kwa majirani zetu, Adelle Onyango wa Kenya aliacha kazi ya utangazaji redioni, na mwaka 2019 akaanzisha podikasti ya Legally Clueless, ambayo imekua na kuwa kampuni. Nchini Tanzania, Salama Jabir amejenga mfululizo wa mazungumzo uitwao Salama Na. Podikasti ya Until Everyone Is Free ilisimulia maisha ya Pio Gama Pinto, mwanasiasa wa Kenya aliyeuawa mwaka 1965, ikatumia Sheng ili vijana wa Nairobi wasikilize. Mifano hii inatufundisha jambo moja: kila mmoja alichagua kwanza msikilizaji wake, kisha akachagua lugha inayomfaa msikilizaji huyo.

3. Kwa nini Butihinda?

Tarafa ya Butihinda, au komini kama tunavyozoea kusema, iko kaskazini mashariki, katika eneo lililokuwa mkoa wa Muyinga kabla ya mgawanyo mpya wa 2025 kuliingiza katika mkoa wa Buhumuza. Humo ndimo kilimo kituo cha mpaka cha Kobero, kinachotazamana na Kabanga katika wilaya ya Ngara. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapo yakielekea Muyinga, Gitega na Bujumbura. Dereva hutokea pwani, wakala wa forodha ni Mrundi, muuza chakula ni mwenyeji wa kilimani, na mwenye mzigo pengine yuko Gitega. Lugha inayowakutanisha wote hao ni Kiswahili. Burundi ilipojiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, umuhimu wa mpaka huo uliongezeka.

Tuchukue mfano wa kubuni: wakala wa forodha mwenye ofisi ndogo Kobero. Kila siku anaulizwa maswali yaleyale. Nyaraka gani ziandaliwe kabla ya lori kufika? Mfanyabiashara mdogo mwenye magunia machache ya maharage atumie karatasi gani? Kwa swali hili la mwisho jibu lipo. Jumuiya ina utaratibu uliorahisishwa, ambao mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hupata mpakani cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa, naye husamehewa ushuru wa forodha. Hata hivyo, cheti hicho hakifuti masharti mengine, kama vile ukaguzi wa afya ya mimea.

Mama anayevuka mpaka bila kulijua jambo hili anaweza kulipa asichopaswa kulipa, au kumpa mtu wa kati fedha za bure, au kupita njia ya porini na kupoteza mzigo wote. Hivyo basi, dakika kumi za maelezo sahihi kwa Kiswahili kinachoeleweka zina thamani ya faranga halisi. Wakala anayezitoa hajitangazi kwa kelele. Anaonyesha kwamba anaijua kazi yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini ujuzi hauonekani dirishani kama kitenge. Lazima usikike ndipo ujiuze.

4. Hatua za kuanzisha

(a) Kuchagua jambo moja. Podikasti ya "biashara na maisha" haina mwenyewe. Podikasti ya "kuvuka Kobero na mzigo wako" ina mwenyewe. Mfanyabiashara aandike maswali ishirini ambayo wateja wake humuuliza. Akiyapata, ana vipindi ishirini. Asipoyapata, biashara yake bado haijahitaji podikasti.

(b) Kumjua msikilizaji. Je, ni dereva aliye peke yake katika foleni, au mwenye duka wa Gitega anayefunga hesabu jioni? Dereva anaweza kusikiliza dakika arobaini. Mwenye duka atataka kumi. Urefu wa kipindi hutegemea nafasi ya msikilizaji, si wingi wa maneno ya msemaji.

(c) Kuandaa maandishi. Msomaji mtulivu wa Kiswahili husema takriban maneno 120 hadi 130 kwa dakika. Kipindi cha dakika kumi kinahitaji basi maneno 1,200 hivi. Tunashauri mwanzo na mwisho viandikwe neno kwa neno, na katikati paandikwe hoja tu, ili sauti isiwe ya kusoma risala.

(d) Kurekodi. Simu ya kawaida inatosha kuanza nayo. Adui mkubwa ni mwangwi na upepo. Chumba kidogo chenye mapazia, godoro au nguo zilizotundikwa hupunguza mwangwi kuliko ukumbi mzuri wenye kuta tupu. Simu iwe umbali wa kiganja kimoja hadi viwili kutoka mdomoni, kando kidogo, ili herufi P na B zisipige kishindo.

(e) Kuhariri. Programu ya Audacity hupatikana bure kwenye kompyuta. Ondoa makosa na ukimya mrefu, lakini acha pumzi. Mazungumzo yasiyo na pumzi humchosha msikilizaji.

(f) Kupunguza uzito wa faili. Hapa ndipo wengi husahau mfuko wa msikilizaji. Kipindi cha dakika 20 kilichohifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kina uzito wa megabaiti 19 hivi. Kikihifadhiwa kwa kilobiti 64, kwa mkondo mmoja wa sauti, uzito hushuka hadi chini ya megabaiti 10, na maneno bado husikika vizuri. Msikilizaji anayenunua bando la siku atakushukuru.

(g) Kuhifadhi na kusambaza. Faili huwekwa katika huduma ya kuhifadhi podikasti, ambayo hutengeneza mlisho. Mlisho huo ndio unaosajiliwa katika Apple Podcasts, Spotify na kwingineko. Huduma ya Spotify ya watayarishaji hailipishwi. Hata hivyo, tusifunge mkataba wa roho na mlango mmoja: huduma ya Google Podcasts, iliyotumiwa na watu wengi, ilifungwa mwaka 2024. Waliokuwa na mlisho wao walihamia kwingine bila kupoteza vipindi. Kwa mazingira yetu, faili nyepesi ipelekwe pia kwa WhatsApp, kwani huko ndiko wateja waliko.

5. Kukuza podikasti bila kuchoka

Podikasti nyingi hufa baada ya vipindi vichache, kwa kuwa mwenyewe alianza kwa kasi asiyoweza kuitunza. Ni afadhali kipindi kimoja kila wiki mbili kwa mwaka mzima kuliko vitatu kwa wiki katika mwezi mmoja. Tunashauri vipindi vinne viwe tayari kabla ya kile cha kwanza kutolewa. Mpaka ukifurika kazi, au mwenyewe akiugua, akiba ipo. Haba na haba hujaza kibaba.

Njia ya pili ya kukua ni kuwaalika wengine. Wakala akizungumza na dereva mzoefu, na muuza maharage wa Muyinga, na bwana afya wa mimea, kila mgeni atawapelekea kipindi ndugu na wateja wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Njia ya tatu ni kupima kinachofaa kupimwa. Idadi ya waliopakua kipindi ni ishara tu. Kipimo cha biashara ni swali rahisi analoulizwa kila mteja mpya: umetujua kwa njia gani? Majibu yaandikwe katika daftari. Baada ya miezi sita daftari hilo litasema ukweli kuliko takwimu za mtandaoni. Watu hamsini wanaoleta mizigo ni bora kuliko elfu tano wanaopita tu.

Kuhusu fedha, tuseme wazi. Matangazo ya kampuni za ng'ambo huwafikia wenye wasikilizaji wengi mno, na si rahisi podikasti ya tarafa moja kuyapata. Faida ya mfanyabiashara mdogo huja kwa njia nyingine: mteja mpya, mteja wa zamani asiyehama, na pengine jirani wa biashara, kama mwenye nyumba ya wageni au karakana ya malori, anayelipia dakika moja ya tangazo kwa Lumicash au EcoCash. Tangazo la kulipiwa litajwe kuwa ni tangazo. Msikilizaji akigundua amefichwa, imani huondoka, na imani ndiyo bidhaa yenyewe.

6. Lugha: hapa ndipo kazi yetu ilipo

Tumesema kwamba podikasti husikilizwa wakati wowote. Basi maneno leo, jana, wiki hii na sasa yanakuwa mtego. Msemaji akisema "bei imepanda leo", msikilizaji wa mwezi ujao ataelewa leo ya kwake. Kanuni yetu ni hii: tarehe itajwe kwa ukamilifu, na mambo yanayobadilika upesi kama bei na thamani ya fedha yapelekwe kwa ujumbe mfupi, si ndani ya kipindi. Podikasti ibebe maarifa ya kudumu.

Saa nazo zina mambo. Tanzania iko mbele ya Burundi kwa saa moja. Ofisi ikifunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za Kobero, saa ya mkononi ya dereva aliyetoka Kabanga inasoma saa tatu. Asiyetaja "saa za Burundi" au "saa za Tanzania" atamchelewesha mtu. Vivyo hivyo, gunia si kipimo mpaka kilo zitajwe, na elfu kumi si bei mpaka isemwe ni faranga au shilingi.

Matamshi yanahitaji uangalifu pia. Kirundi hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo wazungumzaji wetu wengi hubadilishana sauti hizi bila kukusudia. Kati ya kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari, kosa la sauti moja hubadili maana. Darasani mwalimu husahihisha. Katika podikasti kosa hubaki limehifadhiwa. Hatusemi kwamba Mrundi aige lafudhi ya Dar es Salaam au ya Unguja. Lafudhi ya Muyinga ni utambulisho, na mteja wa Muyinga huiamini. Tunachodai ni maana isipotee.

Kuhusu usanifu, kuna pande mbili za kukwepa. Upande mmoja ni Kiswahili cha kitabu, chenye istilahi ambazo dereva hajawahi kuzisikia. Upande wa pili ni Kiswahili kilichojaa Kifaransa, ambacho mteja wa Ngara hataelewa. Njia ya kati ni kutaja neno la mpakani na lile sanifu pamoja mara ya kwanza: "deklaranti, yaani wakala wa forodha". Baada ya vipindi kumi, msikilizaji ana maneno yote mawili. Huko nako ni kufundisha Kiswahili.

7. Sheria na maadili

Kabla ya kuanza, mfanyabiashara aulize. Hapa nchini, mambo ya vyombo vya habari husimamiwa na Baraza la Taifa la Mawasiliano, CNC. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotungwa mwaka 2018, na kutungwa upya mwaka 2020, ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Anayetaka kufungua ofisi ya kurekodia upande wa Kabanga azisome kwanza. Aidha, muziki wa msanii usitumiwe bila idhini yake. Sauti ya mteja isitolewe bila ridhaa yake, iliyotolewa akijua kwamba jirani zake watamsikia. Mpakani watu wanajuana kwa sauti.

8. Mapendekezo kwa walimu na wanafunzi

Ukiyatazama mahitaji yaliyotajwa hapo juu, yaani kuandika kwa ajili ya sikio, kuhoji, kuhariri, kuchagua istilahi na kusahihisha matamshi, utaona kwamba mengi yanafundishwa katika idara za Kiswahili, ila tumezoea kuyapima kwa karatasi ya mtihani pekee. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, katika somo la stadi za lugha, kila kundi la wanafunzi wanne litayarishe kipindi kimoja cha dakika kumi kwa ajili ya mfanyabiashara halisi wa mahali wanapotoka, awe wa Gitega, Muyinga au kwingine. Mmoja ahoji, mmoja aandike, mmoja ahariri, mmoja asikilize pamoja na wateja watano na kuandika walichoelewa na wasichoelewa.

Pili, alama zitolewe kwa ueleweko. Ikiwa mteja mmoja kati ya watano hakujua aje saa ngapi, kazi irudiwe hata kama sarufi yake haina dosari.

Tatu, istilahi zitakazokusanywa mpakani zihifadhiwe katika daftari la pamoja, zikiambatana na neno sanifu, la Kirundi na la Kifaransa. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuwa mwanzo wa kamusi ndogo ya biashara ya mpakani.

Mfanyabiashara wa Butihinda ana ujuzi, lakini pengine hana muda wala kalamu. Mhitimu wetu ana kalamu, na pengine bado hana kipato. Wakikaa meza moja, mmoja atapata wateja na mwingine atapata ujira, na Kiswahili kitapata wasemaji wanaokihitaji kwa maisha yao. Lugha inayolindwa na mtihani peke yake husahaulika siku cheti kinapotolewa. Tunawakaribisha walimu wenzetu kulijaribu zoezi hili katika muhula ujao, na kutuletea idarani vipindi vilivyofaulu pamoja na vile vilivyoshindwa, ili tuvisikilize na kuvijadili kwa pamoja.